Sikio Moja, Spika Mbili

Sikio langu la kushoto lilikufa kwa matubwitubwi kabla sijaanza shule. Sikumbuki kulitumia hata siku moja. Watu wakiniuliza najisikiaje kuwa na sikio moja, nami huwauliza wao wanajisikiaje kuwa hawana mkia. Huwa najibu kwa ukali hivyo kwa sababu ukweli ni kwamba jambo lile liliniuma, na liliniuma zaidi mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne na kutaka kwenda Iringa.

Nyumbani kwetu Mwanjelwa, pale Mbeya, kila mtu alijua kukaa upande wangu wa kulia. Kwenye mkeka wa chakula mahali pangu palikuwa mwisho kabisa, sikio bovu likielekea ukutani, sikio zima likielekea watu. Mgeni akikosea akakaa upande mwingine, baba alimhamisha hapo hapo bila haya: "Sogea huku bwana, upande huo hakuna mtu." Wageni walicheka, na mimi nilicheka nao, isipokuwa siku ambazo nilikuwa nimeamka vibaya.

Baba aliuza vitambaa Sokomatola. Babu yake ndiye aliyepanda milima hii akitokea pwani, akaoa huku, akabaki, na baba akarithi kutoka kwake kofia, duka na woga. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti kubwa. Alituogopea sote, ila mimi aliniogopea kupita kiasi.

Wala siwezi kusema alikosea. Sikio moja linakupa sauti zote, halikupi upande. Mama akiniita kutoka jikoni, mimi nakwenda uani. Jogoo, kengele ya baiskeli, muuza samaki wa Kyela anayepita anatangaza, wote walikuwa mahali pamoja, ndani ya sikio langu la kulia. Nyumbani ilikuwa kichekesho. Kaka yangu alikuwa akijificha, anapiga mluzi, ananitazama ninavyozunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, halafu anapigwa na mama.

Barabarani haikuwa kichekesho. Miaka ile ya sabini barabara kuu ilikuwa haitulii, malori ya kwenda Zambia na ya kutoka Zambia, mafuta yanapanda, shaba inashuka, na sisi nyumba yetu ilikuwa ng'ambo moja na soko ng'ambo nyingine. Siku moja nilisikia lori, nikatazama upande wa Uyole, nikaona peupe, nikaingia barabarani na kapu langu. Kumbe lilikuwa linatoka upande wa pili, Mbalizi. Muuza viazi mmoja alinivuta gauni kwa nguvu nikaanguka chali. Kapu lilisagwa. Dereva alishuka akanitukana matusi ambayo sikio zima liliyasikia vizuri sana, na kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimeshafika dukani kwa baba.

Tangu siku ile nilikatazwa kuvuka peke yangu. Mwanamke mzima, nimevunja ungo, nimesoma mpaka kidato cha nne, navushwa barabara kwa kushikwa mkono, na vitoto vya darasa la pili vinanipita vinakimbia! Nilikuwa nikifika ng'ambo nautoa mkono wangu kwa kuupokonya, hata kama aliyenishika ni mama.

Basi wakati huo huo kaka yangu akarudi kutoka Iringa na kabati.

Kaka alikuwa fundi wa redio, akifanya kazi kwenye karakana ya shule moja kule. Shuleni hapo alikuwapo mwalimu mgeni wa fizikia aliyekuwa akiunda mtambo wa kutengeneza sauti, kaka akimsaidia kulehemu. Mkataba wa mwalimu ulipokwisha, mtambo ukaonekana ni mzito mno kwa ndege, akamwachia kaka. Kaka akaufunga kwa mablanketi na kamba, akaupakia juu ya basi, na yeye akakaa hana raha njia nzima kila basi lilipoingia shimoni.

Ulikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo la mama, ndiyo maana tukauita Kabati. Mbele kulikuwa na mabamba ya chuma yaliyopangwa safu, kila bamba na swichi zake za kuzungusha na matundu yake, halafu kulikuwa na fungu la waya fupi za rangi, zenye ncha ya chuma huku na huku. Ukiliwasha bila waya, lilinyamaza. Kila bamba lilijua kazi moja tu na halikutaka kujua nyingine. Moja lilitoa mlio wa filimbi. Moja lilitoa shhhh ya mvua juu ya bati, kaka akaliita Mvua. Jingine aliliita Chujio, maana ukipitisha Mvua humo unaweza kuacha sauti nyembamba zipite au kuzizuia zikabaki zile nzito. Mengine yalikuwa milango ya kufungulia sauti na kuifunga. Na lilikuwapo moja ambalo lenyewe halikutoa mlio wowote, kazi yake kupanda na kushuka polepole na kuyaamuru mengine yapande na kushuka nalo. Hilo aliliita Mnyapara. Unachomeka waya kutoka kwa Mnyapara kwenda kwenye milango, mlango wa spika ya kushoto unafunguka wakati wa kulia unajifunga, na sauti inahama.

Hiyo ndiyo ilikuwa stereo. Watu walikuwa wameizoea kama neno lililoandikwa kwenye redio za matajiri. Kaka aliweka spika moja dirishani na nyingine mlangoni, majirani wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakaa juu ya magunia ya mchele wa Madibira, na yeye akawasha. Siwezi kuwaambia walisikia nini. Naweza kuwaambia niliona nini. Niliona shingo zote zikigeuka pamoja kuelekea mlangoni, halafu zote pamoja kuelekea dirishani, halafu mlangoni tena. Mama alikuwa ameshika mdomo. Bibi mmoja wa Kinyakyusa, jirani yetu, alikuwa anaifuatisha ile sauti kwa kidole, "Ile! Ile inakwenda! Imetoka nje!" Baba mwenyewe alisimama akachungulia nyuma ya mlango kuona kama kuna mtu.

Kwangu mimi ilikuwa filimbi inayopanda kidogo na kushuka kidogo. Basi. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba kilichojaa furaha, mkavu. Nikatoka nikaenda kuosha masufuria yaliyokuwa safi, nikayagonga makusudi mpaka mama akaja kuniuliza nina nini. "Sina kitu!" nikamwambia, na machozi hayo.

Haikupita muda jina langu likatoka, nimechaguliwa chuo cha ualimu Iringa. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo tangu nikiwa na meno ya utoto, nikiwafundisha kuku hesabu uani. Nilikimbia mpaka dukani, namaanisha nilikimbia mpaka ukingo wa barabara, nikasubiri mtu wa kunivusha, halafu nikakimbia mpaka dukani. Baba akasoma, akafurahi, akamshukuru Mungu, akawaambia wateja. Halafu akakaa kwenye kiti chake akanywea.

"Haiwezekani, mwanangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Iringa nani atakuvusha?"

Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii. Alisema Iringa mji wa milima, magari yanateremka yamezima injini ili kubana mafuta, hata wenye masikio mawili wanagongwa. Alisema nitafute cha kufanya hapa hapa, nimsaidie dukani. Nilimwambia sitaki duka. Akasema hajaniuliza kama nataka. Tulipelekana hivyo mpaka mteja mmoja akarudisha kitambaa kwenye rafu mwenyewe na kuondoka. Nyumbani nikasusa kula. Mama alileta wali wa nazi, nikaususia, akaleta ndizi nyama, nikazitazama kwa huzuni kubwa nikazisusia nazo.

Kaka ndiye aliyekuja kukaa kwenye mkeka, upande wa kulia.

"Hivi wewe, ukinuna ndiyo baba atabadilika?"

"Niache."

"Baba hajakataa chuo. Amekataa lori. Tumwonyeshe kwamba unajua lori linatoka wapi."

"Sijui lori linatoka wapi! Ndilo tatizo lenyewe, wewe vipi?"

"Basi tukajifunze," akasema, kama vile ananiambia twende tukachote maji.

Stoo yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, ndefu na nyembamba. Kaka akasogeza magunia, akaweka Kabati katikati, spika moja mwisho huu na nyingine mwisho ule, na mimi nikakalishwa kwenye kigoda, nimefungwa macho kwa mtandio wa mama. Akawa anapeleka filimbi spika hii au ile, nami naonyesha kwa kidole. Nilikosea mno. Nikipatia, nilikuwa nimebahatisha. Yeye alikuwa mvumilivu kwa namna iliyozidi kunikera, "Tena... tena... haya tena," na sauti yake nayo sikujua inatoka wapi, ila mahali popote ilipokuwa nilitamani kuirushia kigoda.

Tulikwenda hivyo siku kadhaa. Mchana mmoja alikuwa amechoka na filimbi, akachomeka Mvua badala yake. Nikaonyesha kushoto. "Kulia," akasema. Nikaonyesha kulia. "Kushoto, mdogo wangu." Hapo nikachemka. Nikaanza kutikisa kichwa kwa nguvu, "Sitaki! Sitaki! Sitaki tena!"

Nikanyamaza katikati ya neno.

"Nini?" kaka akauliza.

"Usizime!" Nikatikisa kichwa tena, sasa polepole. Mvua ilikuwa inabadilika. Nikigeuka hivi ilikuwa kali, inachoma, kila tone peke yake. Nikigeuka vile ilififia, ikawa kama mvua ya nyumba ya pili. Nikarudi, ikawa kali. Nikasimamisha kichwa pale ilipokuwa kali kuliko pote, nikanyoosha mkono moja kwa moja kutoka kwenye sikio langu zima. "Pale," nikasema.

 "Ni pale," kaka akasema.

Alikuja kunieleza baadaye, akichora kwa chaki ukutani. Kichwa changu ni ukuta. Sauti nzito huzunguka ukuta bila shida, lakini sauti nyembamba hazijui kupinda kona, zinagonga na kuishia hapo. Mwenye masikio mawili hana haja ya kujua hayo, anasikia tofauti ya huku na huku kwa wakati mmoja. Mimi ilinibidi nisikie huku kwanza, nigeuke, halafu nisikie huku. Kwamba niliishi miaka yote hiyo nimekaza shingo kama askari wa gwaride kwa sababu nilikuwa naona haya kuzungukazunguka! Nilicheka mpaka nikalala juu ya magunia, halafu nikalia, halafu nikaenda jikoni kula kila kitu nilichokuwa nimekisusia wiki ile, angalau kilichobaki.

Kuanzia hapo tulifanya kazi kama watu wenye wazimu. Kaka alitaka kunitengenezea lori. Hakutaka mlio wa lori tu, alitaka safari yake, linakuja kutoka mwisho mmoja wa stoo, linapita, linaishilia mwisho wa pili. Injini aliipata kwa kuchanganya milio mizito miwili inayogombana. Matairi juu ya lami yalikuwa Mvua. Chujio lilifunguka kadiri lori lilivyokaribia na kujifunga lilipokwenda, Mnyapara akalisukuma kutoka spika hii kwenda ile, na waya zikawa nyingi hata uso wa Kabati haukuonekana. Alizungusha swichi moja kwa upana wa unywele, akasikiliza, akairudisha kwa unywele. Alikuwa akiziba sikio lake la kushoto kwa pamba ili asikie ninavyosikia. Wakati mmoja mama alimwita kutoka uani, pamba ikiwa bado sikioni, akageukia ukutani. Akabaki ameukazia macho ule ukuta. Tangu hapo hakuniambia tena "haya tena" kwa sauti ile.

Na lori likatokea. Jamani, lilikuwa lori! Bibi jirani alikuja mbio kuuliza nani anahamia. Mimi nilikaa kwenye kigoda, macho yamefungwa, nikalifuata kwa kichwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kitu kikanipita. Siwezi kuwaeleza wenye masikio yenu. Kila kitu kilikuwa kikinijia, kinasimama ndani yangu na kuzimika. Hiki kilikuja, kikapita mbele ya uso wangu, kikaenda zake. Nilimwambia kaka alirudie mpaka akaniuliza kama nataka kulipanda.

Siku hizi wajukuu wangu wanavaa vidude masikioni, muziki unazunguka ndani ya vichwa vyao, na wanavivua wamevichoka. Siwalaumu. Hata Kabati lenyewe liliishia vibaya, unyevu wa Mbeya uliingia kwenye mabamba, kaka akawa anang'oa kipande hiki na kile kuponyea redio za watu. Lakini mimi nikipita karibu na stoo yoyote yenye harufu ya magunia, mwili unasisimka.

Basi, baba akakubali kuja kuona. Kaka alimbembeleza siku nyingi, mama akamwekea maneno kwenye chai, akasema haya, Ijumaa baada ya swala. Alhamisi kaka akaenda mjini kutafuta fyuzi, na mimi nikamfuata, nimeshikwa mkono.

Mvua ilitukuta huko huko. Wanaoijua Mbeya wanaijua radi inayoteremka kutoka mlima Loleza, inapiga mpaka vikombe vinalia kwenye sinia. Na kila nyumba ya huku inajua la kufanya. Unafunika kioo, unavua nguo nyekundu, unawaita watoto ndani, unachomoa waya za umeme.

Mama akafunika kioo kwa kanga. Akavua nguo nyekundu. Akachomoa waya ya redio sebuleni. Halafu, akiwa mama mwema mwenye kujali mali ya mwanawe, akatoka mbio kwenye mvua mpaka stoo, akalikuta Kabati limejaa waya, akazichomoa zote.

Tuliporudi alitupokea mlangoni, amelowa, ana furaha. Alikuwa amezipanga waya kwa rangi zake, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, kila fungu amelifunga kwa utepe wa kitambaa. Kabati lilikuwa limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Na kwa kuwa alikuwa humo, akaona afute na vumbi, akazifuta swichi zote kwa kitambaa, moja moja, kwa kuzungusha.

Kaka alikaa chini. "Mama," akasema, "hili halina kumbukumbu. Waya ndiyo lori lenyewe."

"Kwa hiyo ningeacha radi iwale?" Mama alikuwa ameanza kukasirika. "Nimekuta waya kama utumbo wa mbuzi, nimezichomoa. Nimewaokoa, shukrani hakuna! Ungeniambia kuna lori humo, ningeliacha?"

Nani angembishia? Tulimshukuru. Kaka alirudi kuchomeka mpaka giza likaingia, akaendelea asubuhi. Alipata injini, akakosa matairi. Alipata matairi, Mnyapara akakimbia hovyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasema silo, silo, bado silo, na kila niliposema nilijiona nimesimama nyuma ya kaunta ya baba kupima vitambaa mpaka nife.

Baba akaja kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akakalishwa kwenye gunia, akafunga mikono. Kaka akawasha. Kitu kikalia kutoka spika zote mbili kwa pamoja.

Baba alisikiliza kwa heshima. "Lori gani hili?" akauliza. "Hili ni trekta limemeza mbuzi."

Kaka akazima. Baba akasimama, akajipangusa kanzu, na nikaona kabisa uso wake unavyolegea, umepata nafuu. Alikuwa amefurahi kwamba tumeshindwa! Hakufurahi kwa ubaya, namjua, alifurahi kama mtu aliyeona mtoto wake amerudi salama. Hilo ndilo lililonipandisha damu.

"Baba," nikasema, "malori ya kweli yako pale nje."

"Unasema?"

"Nifunge macho wewe mwenyewe. Twende barabarani."

"Lahaula! Mama yake, unamsikia mwanao?"

Lakini nilikuwa nimeshatoka, mtandio mkononi. Walinifuata wote, baba anashika kofia, kaka na pamba yake sikioni, mama na viatu vya kuazima, na bibi jirani ambaye hakuna aliyemwita. Kwenye ukingo wa barabara baba alinifunga macho.  Halafu akanishika hapa, juu ya kiwiko, akanishika hasa.

Wauza viazi wakasogea. "Ameiba nini huyu?" nikamsikia mmoja akiuliza.

"Anasikiliza!" baba akamjibu kwa ukali, na nikampenda.

Kwanza hakikuja kitu. Upepo, watu, baiskeli. Halafu kwa mbali, chini ya kelele zote, shhhh nyembamba ya matairi. Nikageuza kichwa polepole, ikafifia. Nikakirudisha, ikafifia tena upande wa pili. Nikakipeleka katikati, ikawa kali.

"Uyole," nikasema. "Linakuja."

 Lori likapita, upepo wake ukanipiga kanga, nikalifuata kwa kichwa mpaka likaishilia Mbalizi. Likaja jingine, nikasema Mbalizi. Ikaja gari ndogo, nikasema Uyole, na hiyo tairi zake zimekwisha. Wauza viazi wakapiga vigelegele. Kiwiko changu kilikuwa kimekufa ganzi kwa jinsi baba alivyokibana.

Halafu zikaja kelele za kila namna kwa pamoja. Kitu kinanguruma, kitu kingine kinapiga honi, watu wanapiga kelele. Niligeuka huku, nikageuka huku, haikufifia popote.

"Haya," baba akasema sikioni kwangu. "Hilo sasa?"

Kila mtu alikuwa ananisubiri. Ningeweza kubahatisha.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, baba. Kwa hiyo sivuki. Nasimama."

 Nilisikia hayo magari yakipita, mawili, moja huku na moja huku, na baadaye kimya. Kisha vidole vikaachia kiwiko, kimoja kimoja. Baba akanifungua macho, akaukung'uta mtandio, akaukunja vizuri mno kuliko unavyostahili.

"Mwambie mama yako akupikie vitumbua vya safari," akasema, na mama amesimama pale pale.

Alinipeleka mwenyewe. Angeshindwa kutonipeleka. Kwenye basi alinikalisha dirishani, upande ambao sikio zima lilikuwa lake, akaongea njia nzima. Uyole alinionyesha mashamba, Igawa alinionyesha vumbi la ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, Makambako akaninunulia machungwa, Mafinga akanivalisha koti lake juu ya koti langu. Basi lilipopanda mjini kutoka Ipogolo akawa anayatazama magari yanayoteremka. Tulilala kwa mfanyabiashara mwenzake, asubuhi akanikabidhi chuoni kwa mama mmoja aliyetusalimu "Kamwene" kwa tabasamu pana, akakagua kitanda changu, akakagua dirisha, akauliza barabara iko umbali gani.

Nikamsindikiza stendi. Kulikuwa na barabara ya kuvuka. Aliinua mkono kutaka kunishika, akaushusha, akashika kanzu yake mwenyewe. Nikageuza kichwa huku, nikageuza huku, nikavuka. Nilipotazama nyuma alikuwa bado ng'ambo, na ni mimi niliyemwambia, "Baba, njoo, hakuna kitu."

Basi la Mbeya lilikuwa limeshawasha. Nilimwamkia shikamoo ya kuagana, akaitikia, akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Halafu akainama upande wa kushoto. Miaka yote ile baba hakuwahi kukosea sikio, hata siku moja, hata akiwa na hasira. Akaweka mdomo kwenye sikio langu lililokufa, akasema. Nilihisi pumzi yake, nilihisi ndevu zikitembea, neno baada ya neno baada ya neno, na sikusikia kitu. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka atanyamaza.

Alipoinuka nikamwuliza, "Umesemaje, baba?"

Akazunguka akaja upande wa kulia. "Nimesema uangalie barabara," akasema, akapanda basi.

Mzee muongo yule. Uangalie barabara ni maneno mawili, na yeye alisema mpaka dereva akapiga honi.